Vidonge vya Mjamzito

Tangu lori litoke Endabash, mwanamume aliyekalia gunia la maharage alikuwa akijikuna, na Cresensia akizidi kusogea pembeni.

"Si upele, mama," akajitetea. "Ni klorokwini inayoniwasha. Mke wangu ni mjamzito, kliniki wamempa vidonge ameze kila wiki, kukinga malaria. Vinamtapisha, basi nammezea mimi. Kwani mtoto si wetu wote?"

Cresensia alikuwa amezaa saba bila kuonjeshwa wema wa namna hiyo. "Na mwenyewe hajambo?"

"Hajambo wapi! Tangu juzi homa imemlaza, anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Ndiyo maana nakwenda kuwaambia dawa yao haifanyi kazi."

Lori likasimama mbele ya zahanati. Cresensia alikuwa akienda sokoni, lakini akashuka naye. Malalamiko hayo alitaka kuyasikia mwenyewe, si kuja kusimuliwa.