Unakwenda kwa nani?

Mvua ilikuwa inapiga turubai la boti, na mji wa Moba, kando ya Ziwa Tanganyika, ulikuwa karibu. Papa Évariste alijifanya amelala huku akisikiliza.

"Unakwenda kwa nani?" mama mmoja mchuuzi alimuuliza kijana wa Lubumbashi, aliyebeba begi mgongoni na ubao wa kupandia mawimbi.

"Siendi kwa mutu, Mama. Nafuata mawimbi."

"Mawimbi yatakupikia bukari? Ukishuka, useme umekuja kwangu, Mama Angélique wa sokoni. Mutu hashuki hivi hivi."

"Mimi nashuka hivi hivi, Mama."

Mama akaguna, akamgeukia Évariste. "Na wewe, Papa, unakwenda kwa nani?"

Évariste alizaliwa Moba. Dada yake, aliyekuwa akimpokea kila safari, walimzika mwaka jana. Boti ikagusa mchanga. Akainama kutafuta viatu vilivyokuwa tayari miguuni mwake.