Mume wa Kuazima

Kijiwe chetu kipo Kijenge, kwenye benchi la fundi viatu ambaye siku hizi mwenyewe anakosa pa kukaa. Kahawa yetu chungu, kashata zinavunja meno, na wataalamu wamejaa. Juzi asubuhi ajenda ilikuwa Ukimwi. Aliyeileta ni Ndesanjo, muuza vipuri vya magari. Mke wake, Elinaza, ana mimba ya pili, na nesi wa kliniki amemwambia aje na mume wapimwe wote. Baba mzima, anayelala mpakani Namanga wiki nzima akifuata mzigo, alikuwa anaogopa kwenda. Akaja kwetu tumsaidie. Kwa akili zetu hizi!

— Kupima ni mambo ya kizamani, alianza Aminiel, tunayemwita Profesa kwa sababu amerudia kidato cha nne mara mbili. Dunia inataka uvumbuzi, aisee. Mimi nawaza mkanda wa kiunoni wenye kengele. Mwenye virusi akikusogelea tu, mkanda unalia.

— Na kama mwenye navyo ni wewe? nikamuuliza.

— Unazima sauti.

Solomoni, fundi friji, ambaye ndiye Injinia wetu, akacheka kwa dharau.

— Wewe unawaza kengele, mimi nawaza baridi. Nyama ikikaa kwenye friza haiozi, ndiyo siyo? Basi watu wapandishwe Mlima Meru, walale kule juu na kaptula. Kirusi kina sweta?

— Hakina.

— Kinaganda hapo hapo!

— Na mtu je? nikauliza.

— Akishuka tunamwanika.

Mzee Saning'o, mfugaji wa Kisongo aliyekuja mjini kuuza mbuzi, akatikisa kichwa.

— Nyie watoto mnahangaika bure. Ng'ombe wangu wakiwa na kupe, nawapeleka josho. Wanaingia huku, wanatokea kule, kupe wote chali. Chimbeni josho la watu hapo barabarani, mtie dawa, mji mzima upite.

— Wanaanza kina nani? akauliza Injinia.

— Wanawake! tukajibu kwa pamoja. Hapo hatukubishana hata kidogo.

Brian wa bodaboda, aliyekuwa anatafuna kashata, akainua kichwa.

— Si kuna kondomu lakini? Dukani kwa Mama Princess zimejaa tele.

— Dogo, hapa tunajadili mambo mapya, Profesa akamkata.

Ndesanjo naye akaanza kupata nguvu.

— Kwanza napimwa cha nini? Mke wangu alipimwa kwenye mimba ya Stanley, akakutwa mzima. Tumefunga ndoa kanisani, mchungaji akasema sisi ni mwili mmoja. Mwili mmoja, kipimo kimoja!

— Umemaliza, Mangi! Injinia akampigia Ndesanjo makofi.

— Ila nesi anataka kuona mwanaume, akasema Ndesanjo.

— Mpe mwanaume, akasema Profesa. Nesi anakujua sura? Hakujui. Brian, hebu simama.

Brian akasimama. Ndesanjo akavua koti lake akamvisha, likampwaya mikono isionekane. Tukamfundisha kukohoa kama baba mwenye nyumba, tukamkaririsha na jina la mtoto. Tulicheka mpaka machozi, na mimi nilicheka kuliko wote. Tukiwa kwenye hicho kicheko, Elinaza akatokea, anatoka kliniki, tumbo mbele, amechoka.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, yeyo, mama, akaitikia Saning'o.

— Baba Stanley, nesi anatusubiri.

— Mama Stanley, mimi nina mteja anakuja sasa hivi. Nenda na Brian. Leo ndiye mimi.

Elinaza akamtazama Brian ndani ya lile koti. Hakufoka. Bora angefoka.

— Mimi nimeshapimwa asubuhi hii, ni mzima. Nataka nibaki hivyo, na huyu wa tumboni azaliwe hivyo. Sasa niambieni nyie wenye akili: Brian akikutwa nao, dawa atameza nani?

Profesa akazama kwenye simu yake. Injinia akainama kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa kandambili. Brian akavua koti haraka haraka, akamwekea Ndesanjo mapajani. Nilimwonea huruma yule mama, na hasira nikawa nayo juu yetu sote.

— Hivi wanachoma wapi? Ndesanjo akauliza. Mkono au kidole?

Akatuangalia mmoja mmoja, wataalamu wa kengele, wa baridi na wa josho. Hakuna aliyejua.

Elinaza akamwonyesha kidole chake, bado kina kipande cha pamba. Kisha akageuka, akaanza kurudi kliniki. Ndesanjo akainuka, akajikokota nyuma yake, koti mkononi. Safari hii hakuna aliyemcheka. Na hakuna aliyemfuata.