Gervais Ndikumana, Mpanga Mafungu

Marehemu Gervais Ndikumana alizaliwa Uvira tarehe 14 Machi 1979, baba Mrundi, mama Mfulero wa Kongo. Wakati ule hakuna aliyemuuliza yeye ni wa upande gani.

Alisoma shule Uvira, kisha takwimu Bukavu, akamaliza mwaka 2004. Mwaka 2006 alimwoa Yvette, binti wa Fizi, na mwaka 2012 vita vikawafikisha Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda.

Kazi yake ilikuwa kupanga vitu kwa kompyuta: vinavyofanana vikae pamoja, visivyofanana vitengane. Watafiti wa Mbarara walimletea vipimo vya maharage, vya maziwa ya ng'ombe wa huko Masha, hata vya vikohozi vya wagonjwa, naye akavipanga vyote kwa hesabu ile ile. Nyumbani pia hakuacha. Alitenga maharage ya chakula rangi kwa rangi hadi Yvette akafoka, "Baba Prudence, njaa haina mafungu! Leta nipike!"

Mwaka 2014 ofisi moja ilimwajiri kupanga kaya za wakimbizi. Programu ilitaka kila mtu awe na asili moja tu. Gervais, mtu wa haki kupita kiasi, alijiandika Mrundi kama baba yake. Yvette na watoto, walioandikwa chini ya mama yao, wakaangukia kwa Wakongo. Loo, mkono wake mwenyewe! Mwaka 2019 fungu la Yvette liliitwa kuhamia Kanada, la Gervais halikuitwa. Yvette akakataa katakata kumwacha. Gervais aliandika barua tisa kuomba faili ziunganishwe. Kila mara alijibiwa kwamba mfumo hauruhusu. Alijuta mno, jamani, na sisi tulimwona akijuta.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Akiwa amelazwa Mbarara, alimwambia mkewe, "Nikikufa, batakuweka mu fungu ya bajane. Ile haitachelewa kuitwa."

"Nyamaza, Baba Prudence! Nani amekutuma ile hesabu?"

"Hakuna. Nimeipiga mara mbili."

Alifariki tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi. Jana Yvette aliletewa fomu ya wajane. Safari ya Kanada ni Septemba. Ameisaini huku akilia.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, Prudence, Belyse na Patient, na dada mmoja, Orpa, anayewasomea haya. Orpa ni Mrundi kwenye faili, na fungu lake halijaitwa. Yeye ndiye atakayebaki kupalilia kaburi hili.

Pumzika kwa amani, mtoto wa mama yangu.