Bronisława Wojtas, Aliyecheza wa Mwisho

Padri, ndugu, majirani, na nyie kina mama wa bolingi mlioketi pamoja kama siku ya mchezo, mimi Agnieszka, mama mkwe wa marehemu, ndiye niliyepewa na familia kazi hii, basi nivumilieni.

Bronisława, tuliyemwita Bronia, alizaliwa tarehe 14 Septemba 1909 hapa Hamtramck, Michigan, mtoto wa nne wa marehemu Walenty na Zofia Kuczek, akasoma shule ya parokia hadi darasa la nane, na mwaka 1924 akaingia kiwanda cha sigara kule Detroit, akasokota sigara miaka mitano.

Tarehe 8 Juni 1929 alifunga ndoa na mwanangu Kazimierz, fundi wa kiwanda cha magari, wakajaliwa Edmund, Helena na Tadek, na siku ya kwanza alipopika jikoni kwangu nilimwambia, "Mwanangu, supu hii ni maji ya kunawia," naye akanijibu, "Basi nawa, mama, chakula kiko tayari," nikajua nyumba imepata mtu.

Bolingi, mchezo huu wa kuviringisha mpira kuangusha pini kumi, alianza mwaka 1938, kina mama watano walipounda timu iliyodhaminiwa na bucha ya Zaleski, wakashonewa mashati ya kijani, na kila Alhamisi yeye ndiye aliyecheza wa mwisho, kwa kuwa wa mwisho ndiye hubeba mchezo ukibana. Nafasi hiyo aliishika miaka kumi na tisa, na hata Edmund alipomwoa Irena mwaka 1952, binti anayeangusha pini zote kumi kwa mpira mmoja kama anafagia sebule, Bronia alimweka nje ya timu akisema, "Mke wa mwanangu atangoja, mimi mkono bado ninao," na tangu hapo wakawa wanapeana chumvi mezani bila neno.

Mwaka huu wa 1957, tarehe 25 Februari, alilazwa kwa maradhi ya ini, timu yake ikiwa inaongoza ligi ya mji. Kanuni yao inaruhusu jina la asiyekuwepo libaki kwenye karatasi, ahesabiwe wastani wake kasoro pini kumi, na wenzake walilibakiza kwa mapenzi, wakashindwa Alhamisi tatu mfululizo, kila mara kwa pini chache, wala hakuna aliyethubutu kumwambia alitoe. Stella wa timu alikuja kumfariji, "Dada, tulikuwa karibu," akajibiwa, "Karibu haina kombe," na mimi niliyekaa kando ya kitanda niliona lile jina linamuuma kuliko ini.

Jumatatu tarehe 18 Machi akamwita Irena, akamwambia, "Futa jina langu, andika lako, tena la mwisho," Irena akasema, "Mama, utapona urudi," naye akasema, "Nikirudi nitakufukuza, sasa nenda ukacheze."

Alhamisi ile ya kufunga ligi mpira wa mwisho ulikuwa wa Irena, zilitakiwa pini kumi kushinda, tisa zingekuwa sare, zikabaki mbili zimesimama, kombe likaenda kwa wengine kwa tofauti ya pini moja. Asubuhi akaja hospitali analia, Bronia akamwamuru asimame katikati ya wodi aonyeshe alivyoachia mpira, muuguzi naye akasimama na beseni lake kutazama, kisha marehemu akasema polepole, "Hata mimi hizo mbili zingenibakia," neno ambalo miaka yote hakuwahi kumpa mtu, na Irena akalaza kichwa kitandani, akapapaswa nywele kama mtoto.

Alifariki Jumapili tarehe 24 Machi, saa nne asubuhi, kengele za misa zikilia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea supu ya kabichi mpaka sufuria zikatuishia, wenzake Kazimierz mliomshikia zamu, na Bwana Zaleski aliyefunga bucha leo.

Bronia mwanangu, ulichokishika miaka yote umekikabidhi mwenyewe, ukiwa na akili zako timamu, pumzika kwa amani.