Mafuta Aliyoyaita Kongwe

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto kidogo, asogee. Leo namkumbuka dada yangu, yule mkaanga viazi wa nje ya karakana ya ushonaji. Wateja walimwita Mama Karai. Alitutoka Jumanne ya wiki iliyopita. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Narudia, hamsini na miwili tu.

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo maneno ya daktari aliyemhudumia nitayasema kama nilivyoyaelewa.

Mama Karai alikaanga viazi miaka kumi na tisa, na hakuwahi kumwaga mafuta. Akifunga kazi aliyachuja kwa kitambaa, akayafunika. Asubuhi anaongeza mapya juu ya ya zamani. Hayo ya zamani ndiyo aliyoyaita Kongwe. Alisema ndiyo yanayotia viazi rangi.

Mafundi cherehani walimtania: "Mama Karai, hayo mafuta si ya tangu harusi yako?"

"Mume kaondoka, Kongwe kabaki. Kula unyamaze!"

Na yeye mwenyewe mchana alikula viazi hivyo hivyo. Kila siku.

Maumivu yalianza magotini, yakahamia vidoleni. Ikafika mahali hawezi kufunga vifungo vya gauni lake. Anayemfungia ni binti yangu, aliyekuwa akifanya naye kazi. Nikamwambia, dada, nenda hospitali.

"Mdogo wangu, huu ni uzee unabisha hodi. Nikiufungulia utaingia na mizigo yake yote."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Hospitali hakwenda. Alinunua vidonge vya maumivu dukani. Viwili asubuhi, viwili jioni, mara nyingi tumbo likiwa tupu. Miaka minne, wapendwa. Miaka minne bila kumuuliza mtu. Jumapili akatapika damu, tukamkimbiza hospitali. Jumanne hatunaye.

Daktari alituambia vidonge vile vilimtoboa tumbo. Kisha akauliza alikuwa akila nini. Binti yangu akamweleza habari za Kongwe.

"Mafuta yakichemshwa tena na tena, moto na hewa vinayaharibu," akasema. "Yakishaharibika hivyo, yanaweza kuchochea uvimbe ndani ya mwili na kuchokoza mishipa ya fahamu. Maumivu yakakosa kupoa. Siwezi kuapa kwamba ndiyo yaliyomuumiza dada yako. Ila kama moto ulikuwepo, alikuwa akiuongezea kuni."

Nilidhani binti yangu amesikia. Tulimzika Alhamisi. Jumatatu nikapita karakana, namkuta kwenye karai la mama yake mkubwa, mafuta meusi yanatoa povu.

"Mwanangu, hukumsikia daktari?"

"Nilimsikia, mama. Lakini hiki ndicho alichoniachia. Nimmwage mama mkubwa?"

Nikamwangalia mikono. Alikuwa anajikanda vidole.

"Nimechoka tu, mama."

Wapendwa, dada yangu alianza kwa kusema amechoka tu.

Poleni sana mafundi wa karakana, mliomzika kama ndugu yenu. Pole mpwa wangu, mtoto wa marehemu, uliye safarini, hukuwahi kumwona mama yako kabla hatujamzika. Nasi sote tuliobaki tujitazame. Mafuta yakiwa meusi na mazito, yakitoa povu, yamekwisha, hata kama yameijaza sufuria. Na maumivu yasiyoondoka yapelekwe kwa daktari. Tusiyanyamazishe kwa vidonge mwaka hadi mwaka.

Sasa nasema na mtu mmoja. Mwanangu, najua hapo karakana redio iko wazi na mafundi wanakutazama. Waache wakutazame, usione haya. Mama mkubwa tulimzika sote. Hayumo kwenye karai. Zima jiko, yaache yapoe, uyamwage. Kisha nipigie. Kipindi kimekwisha, lakini siondoki hapa studio mpaka simu ilie.