Manjano ya Kumpaka Nasrin

Jumatano ile, siku ya soko, benchi la Kalu muuza chai lilijaa mapema. Wakaguzi walikuwa wameingia kwenye maghala ya manjano na kimashine cha mkononi, umbo lake kama kikaushia nywele. Walikigusisha kwenye gunia la kwanza, na kabla mtu hajamaliza kukohoa, ghala limepigwa kufuli. Ghala la tatu, ambalo walikuwa hawajalifikia, lilikuwa la Hashmot, tunayemwita Mng'aro, maana manjano yake hung'aa kuliko ya soko zima. Alikaa katikati yetu, kikombe mkononi, mguu ukimcheza. Nilimwonea huruma, ingawa na umbea ulikuwepo.

— Langu hawalifungi, alisema. Naapa hawalifungi.

— Wasikutishe, kaka, alisema Redio, mwendesha riksho anayejua habari kabla hazijatokea. Kile kinanusa tu. Pakaza magunia mafuta ya haradali, kishikwe na mafua.

— Kinuse nini! alidakia Tumbo, muuza samaki. Kinapiga picha, kuna mtu Dhaka anaziangalia. Sasa mtu huyo si lazima ale wali? Tuwacheleweshe mpaka saa saba.

Miwani, mwalimu mstaafu, aliweka kikombe chini.

— Mnaliaibisha benchi. Kinapiga miale. Kila madini yakipigwa hujibu kwa mwanga wake, jicho haliuoni, wala haufanani na wa mwenzake. Ile poda ya rangi mnayong'arishia manjano ina madini ya risasi, inayoharibu akili za watoto. Risasi ikijibu, mashine inaijua.

— Basi tuizibe mdomo, alisema Redio. Tuchanganye udongo!

— Utajibu udongo, na risasi itajibu vilevile.

— We mwalimu si ulifundisha jiografia?

— Na madini yanachimbwa wapi, bwege wewe, mbinguni?

Tulicheka. Mng'aro hakucheka.

— Poda hiyo baba yangu aliianza mwaka wa mafuriko, alisema. Mizizi ililowa ikawa myeusi, nani angenunua? Mpaka leo mteja anachagua kwa macho. Tunaposugua mizizi tunatia kidogo tu, iwake.

— Nyuma ya ghala kuna mlango, nikasema mimi, shetani kanipitia. Sisi watano tukijitutumua, magunia yote nje.

— Twendeni! alisema Mng'aro, na sote tukasimama, Tumbo anakunja mikono ya shati.

Hapo ndipo alipofika Rubina, dada wa mke wake, ametoka moja kwa moja kwenye basi, bakuli la shaba kwapani.

— Asalaam aleikum, shemeji. Kesho tunampaka Nasrin manjano, na wageni nao wapikiwe. Dada kanituma. Nichote gunia lipi?

Redio aliangalia viatu vyake. Miwani alifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

— Shemeji, si nakuuliza? Bibi harusi wetu tumpake yapi?

— Nilimwekea yale yanayong'aa kuliko yote, alisema Mng'aro. Mwanangu mwenyewe.

Alilichukua lile bakuli. Nilidhani anaelekea mlango wa nyuma, lakini alivuka barabara wazi wazi mpaka kwa wakaguzi, waliokuwa ghala la pili.

— Hilo liacheni, njooni kwangu, aliwaambia. Fungeni mnachotaka kufunga. Lakini hamwondoki sokoni humu mpaka mnipatie bakuli moja tu la manjano yasiyojibu.