Mkono wa Kushoto wa Kishindo

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee safari yake.

Kaka yetu, mwimbaji wa roki mliyemjua kwa jina la Kishindo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili wa seremala na mshona nguo, akasoma shule ya ng'ambo ya barabara, na ukumbini huko akakuta piano kuukuu yenye vitufe vitatu vilivyokufa pale katikati mikono inapokutana, akajifunza kuviruka. Alipoajiriwa kupiga muziki hoteli ya stesheni mwaka 1980, alipewa piano nzima, lakini mikono ikaendelea kuruka palepale, besi ya kushoto ikinguruma kama lori linalopanda mlima, naye amesimama, anaimba hadi mishipa ya shingo inamtoka. Wajuzi waliuita mtindo huo ubunifu, sisi nyumbani tukacheka, maana mazoea yana taabu.

Tarehe 4 Juni 1988 alimwoa wifi yangu, muuguzi asiyejua hata noti moja, wakajaliwa binti mmoja, na kila jioni wifi alikunja nguo sebuleni akilalamika kwamba besi ile inamtikisia vikombe kabatini.

Februari mwaka juzi kiharusi kilimpooza upande wa kushoto, akabaki na mkono mmoja unaoita bila wa kuuitikia. Alifunga piano yake ya nyumbani, akakataa kuimba, akakataa na wageni, na kwa kweli ilituuma sana. Ndipo siku moja wifi akaketi naye kwenye benchi, kushoto kwake, akaianza besi, kwanza kwa kubabaisha, kisha sawasawa, kumbe miaka yote ya kunung'unika alikuwa anasikiliza, na waliporuka pamoja mahali pa vile vitufe vitatu vya shuleni, kaka aliimba tena, huku analia.

Kiharusi cha pili kilimchukua Jumanne iliyopita, tarehe 12 Agosti, alfajiri, akiwa hospitalini.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wenzake wifi, majirani waliovumilia makelele yetu, na wanabendi waliopokezana kumbeba hadi bafuni. Kabla hatujamtoa, wifi ataketi upande wake uleule, apige besi ya mumewe mwanzo hadi mwisho, na tunawaomba, hata ninyi mnaojua kupiga, asiende mtu kumsaidia mkono wa kulia.

Kaka, pumzika kwa amani, nafasi yako kwenye benchi haikaliwi.